Kisamvu cha mpira pale Likoni: kitamu, bei ya haki, ila uwahi

Bei kwanza maana ndilo swali la kila mtu. Sahani ya kisamvu na sima ni mia na hamsini, ukitaka wali wa nazi badala ya sima waongeza hamsini, kipande cha changu wa kukaanga ni mia au mia na hamsini kulingana na bei ya samaki siku hiyo, hamri moja kumi, gilasi ya juisi ya mabungo hamsini. Till ya M-Pesa iko, imeandikwa ukutani kwa chaki na nambari moja imefutika nusu kwa hivyo muulize kijana akutajie usije ukamtumia pesa mtu wa Kitale. Na noti ya elfu usiende nayo asubuhi, utakaa hapo kungoja chenji mpaka chakula kipoe.

Mahali ni Likoni, ukishuka feri panda na barabara kama wenda stegi ya matatu za Ukunda, ipite, halafu ingia kichochoro cha kushoto penye mashine ya kusaga mahindi. Utasikia kinu kabla hujaiona hoteli. Kibao hakuna, jina hakuna, watu wasema tu kwa mama wa kisamvu na ukimuuliza dereva yeyote wa tuktuk hapo yuapajua. Ramani ya simu isikushughulishe, mie ilinipeleka kwa fundi wa magodoro.

Haya, sasa kisamvu chenyewe. Mombasa nzima ukisema kisamvu mtu akili yake yaenda kwa majani ya muhogo, na si kibaya, twakila. Lakini huyu mama yuapika cha mpira, na watu wa Tanga na Unguja wanaosoma hapa washacheka maana kwao ni kitu cha kila siku, huku kwetu mjini ndio adimu. Mpira ni mti, ndugu yake muhogo, ila huo haukai chini, waenda juu mpaka wapita paa la nyumba, na jani lake ukiliweka kando ya la muhogo waona ukoo mmoja kabisa, vidole vile vile ila hili ni pana zaidi na lina rangi ya buluu buluu kwa mbali. Ukilivunja kikonyo chatoka utomvu mweupe pepepe. Mama alinivunjia kimoja akanipaka utomvu kwa kidole gumba na cha shahada akasema bana, achia, bana, achia, na baada ya muda kidogo tu kukawa na uzi mwembamba unaovutika baina ya vidole viwili, ukiuwacha warudi. Mpira kweli wa kufanyia tairi. Na majani ya mti huo huo ndio yanayochemka jikoni kwa nazi.

Upishi wake hauna mchezo. Yachumwa majani machanga ya ncha tu, yaachwa yanyauke kidogo, yaingia kinuni na yatwangwa mpaka yalainike kabisa, halafu sufuria bila kifuniko na moto wa kuni saa nzima na zaidi. Hapo kwa kifuniko nataka msikize vizuri nyinyi mnaopenda kujaribu nyumbani. Haya majani yakiwa mabichi yana sumu, ile ile ya sayanaidi ilioko kwa majani ya muhogo mchungu, na kule kutwanga na kuchemsha wazi ndiko kunakoitoa, yapanda na mvuke ikaenda zake. Ukifunika waifungia ndani. Mama hajui jina la sumu wala hana haja nalo, yeye yuasema tu mamake alimfundisha kisamvu hakifunikwi na huyo mamake alifundishwa na mamake. Kikishaiva kinatiwa tui la pili na kitunguu, kinakaa, halafu mwisho kabisa tui la kwanza lile zito, na moto wapunguzwa tui lisikatike. Hana bizari, hana rojo ya nyanya, hana vile vidonge vya mchuzi. Siku nyengine hutia ng'onda, ule samaki mkavu, akiupata, na hiyo siku ukiipata basi wewe una bahati, agiza mbili.

Ladha? Laini kuliko cha muhogo, uchungu ni kidogo sana waja mwisho ukishameza, na chakaa kwa sima vizuri hakimwagiki maji. Wale wanaosaga kwa blenda wakatuletea kitu kama rangi ya mlango wajifunze hapa. Kosa langu naye ni chumvi tu, siku nyengine mkono wamponyoka.

Nilimuuliza majani ayatoa wapi maana mti huu hapa Likoni si mwingi. Akaniambia, "Ipo miwili nyuma ya nyumba na mengine yaja na matatu za Lunga Lunga, mwanangu, kule mpakani ipo mpaka kwa ua za watu, haina mwenyewe, yajiotea." Yeye asili yake ni Muheza, mkoa wa Tanga, aliolewa huku. Na hapo kwa Muheza ndio mie nikaweka kijiko chini, kwa sababu hio miti haikujiotea bwana. Ililetwa, ikapandwa kwa safu, na ilikuwa biashara kubwa ya nchi nzima mpaka ikafa.

Niseme kwanza mie nimefanya kazi ya kliaringi, kutoa mizigo ya watu bandarini hapo Kilindini, miaka mingi na mpira ghafi nimeupokea kwa makontena, kwa hivyo hii habari naijua kwa sehemu ya kazi na sehemu ya udadisi wangu. Mti huu kwao ni Brazil, upande wa Ceara kule kaskazini mashariki kwenye ukame, ndio maana vitabuni waitwa mpira wa Ceara. Mwaka 1876 Waingereza walikuwa wametuma watu Brazil kuchukua mbegu za miti ya mpira, Mwingereza mmoja, Wickham, akatoka na mbegu 70,000 za ule mti mkubwa wa Amazon, Hevea, na mwaka huo huo bwana mmoja wa bustani akiitwa Robert Cross akatoka na huu wa Ceara. Vyote vilipitia London, bustani ya Kew, kisha vikasambazwa makoloni. Hevea ikenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Singapore. Huu wa Ceara kwa kuwa wastahimili jua na mvua chache wakauona wafaa pwani yetu, na Wajarumani walipoishika Tanganyika wakaupanda kwa wingi upande wa Tanga, Muheza, Pangani, mpaka ukifika 1912 hivi mpira ulikuwa pamoja na mkonge juu kabisa kwa bidhaa walizouza nje. Yaani si bustani ya mtu mmoja, ni uchumi wa koloni.

Sasa tazama walivyougema. Hevea wakatwa gome kwa mshazari, utomvu wateremka kwa mfereji hadi kikombe, waurudia mti huo huo kila baada ya siku moja kwa miaka ishirini na zaidi. Ceara gome lake ni la kubambuka bambuka na utomvu wake haupendi kuteremka mpaka kikombeni. Kwa hivyo kwenye shamba moja la Tanga, Lewa, walibuni ujanja wao, na mtindo ukaitwa kwa jina la shamba hilo: kibarua apaka shina dawa ya asidi, kisha alichoma choma kwa ncha ya kisu, utomvu ukitoka waganda pale pale juu ya shina, halafu yuaubandua ule uzi na kuuzungusha mkononi mpaka awe na donge. Mti kwa mti, shamba zima. Na madonge yale yalikuwa na vipande vya gome na mchanga ndani, kwa hivyo hata sokoni Ulaya hayakupata bei ya mpira safi. Mimi nilipokuwa naisoma hii nilikuwa nafikiria mikono ya hao watu tu, asidi na utomvu mchana kutwa.

Ila bei ilikuwa inavumilisha kila kitu. Magari yalikuwa yameanza, kila gari lataka tairi nne na mirija ndani, na mwaka 1910 bei ya mpira huko London ikapita shilingi 12 kwa ratili moja. Kila mzungu mwenye kipande cha ardhi akawa mkulima wa mpira. Huku kwetu Kenya pia, mashamba ya wazungu ya pwani yalitia mpira, na kule kulazimisha Wagiriama waende wakawe vibarua kwa mashamba ya pwani ni moja katika mambo yaliowapandisha hasira mpaka ikafika ya Mekatilili wa Menza, yule mama aliewaongoza Wagiriama kumkataa Mwingereza, na vita vya 1914, hio mwaijua. Lakini wakati huku watu wachoma choma Ceara, kule Malaya, Malaysia ya leo, ile Hevea waliyopanda kwa fujo miaka ya 1905, 1906 ilikuwa yakua, na Hevea yachukua miaka sita saba kabla kugemwa. Hesabu ni rahisi. Ilipofika 1912, 1913 mpira wa Malaya na Ceylon ukamwagika sokoni kwa mkupuo, safi, rahisi, na bei ikaanguka mpaka chini ya shilingi 4. Mwaka mmoja ule wa 1913 ukawamaliza wenye mashamba ya Ceara. Mashamba mengine yakang'olewa yakatiwa mkonge, mengine yakaachwa tu.

Yale yalioachwa ndio hii sahani. Watu wakagundua majani yaliwa, mti hautaki mbolea wala maji, wavunja tawi walichomeka chini waota, na mboga iko hata kiangazi mchicha ukishakauka. Wakajipandia uani.

Halafu kuna kipande kimoja ambacho mama mwenyewe ndiye alienipa. Babake alichukuliwa wakati wa vita vya pili akapelekwa kugema mpira kwa nguvu, "walikuja na orodha kwa jumbe," akasema, "wakamtia kwa lori." Na hiyo ipo kwa historia wazi kabisa. Mjapani alipoiteka Malaya na visiwa vya Java na Sumatra 1942, Waingereza na Wamarekani walipoteza karibu mpira wote waliokuwa wautegemea, na jeshi halitembei bila tairi, kwa hivyo serikali ya Tanganyika ikaenda kuyafufua yale mashamba mazee ya Mjarumani yaliokuwa msitu tayari na ikatia watu kwa amri. Vita vikaisha, Malaya ikarudi, na mashamba yakaachwa tena mara ya pili. Mzee akarudi nyumbani na makovu ya asidi mikononi, na mti ule ule aliochukuliwa kuugema mkewe akawa auchuma mboga. Mama aliisimulia hii huku apepeta mchele, hata hakuinua kichwa.

Twende kwa juisi maana naona watu washaanza kuchoka. Mabungo. Agizeni bila sukari ya ziada, kijana wake wa juisi ana mkono wa sukari vibaya sana, na muulize barafu imetoka wapi, yeye hununua ya maji ya chupa ila mie huuliza kila mahali, ni tabia. Ukali wake ni ule wa kukukunja uso kisha wataka tena. Mbungo nao una mpira wake, ni mtambaa wa msituni wenye utomvu mweupe kama ule, na kabla hata ya mashamba ya Mjarumani pwani hii iliuza mpira wa mitambaa hio ya msituni, hasa ule mmoja uliopewa jina la balozi wa Kiingereza wa Unguja, John Kirk. Miaka ya 1870 na 1880 watu wa mwambao walikuwa waingia msituni wakata mitambaa, wazungusha utomvu kwa mikono mpaka wawe madonge, wauza kwa Wahindi, mali yaenda Unguja na kutoka hapo Ulaya na Marekani. Mbungo mpira wake ni hafifu, walikuwa wautia kuongeza uzito tu, na pengine ndio umenusurika ukabaki kwa juisi. Ule mzuri ulikatwa kwa pupa, mtu akata mtambaa mzima apate utomvu wa siku moja, na ukawa haba sehemu nyingi. Wenyewe waloukata hawakuwa wajinga, bei ilikuwepo na mwengine angelikata kesho.

Sasa malalamiko yangu makubwa: mafuta. Mahamri ya huyu mama ni mazuri, iliki ipo, yamefura, tui limeingia kwa unga, lakini karai lile la mafuta lataka kumwagwa mapema zaidi. Asubuhi saa moja hamri ni safi, saa nne zishakuwa na rangi ya kahawia ya kupita kiasi na harufu ya mafuta yaliochoka yaingia mpaka kwa viazi karai. Nimemwambia kwa adabu, akacheka akasema mafuta yamepanda bei baba, nifanyeje. Ni kweli yamepanda. Na mafuta haya sote twajua ni ya mawese, yaja na meli kutoka Malaysia na Indonesia, yasafishwa hapa hapa Mombasa, na hapa ndipo hadithi ya mpira yarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa sababu ile Malaya ilioua mpira wa Tanga nayo ya kwake imeanguka. Hii ndio watu hawaiamini nikiwaambia. Ukisema Malaysia mtu yuafikiria mpira, glavu, kondomu, mipira ya watoto. Na kweli kwa miongo mingi walikuwa namba moja duniani, mwaka 1988 walivuna zaidi ya tani milioni 1.6, hakuna aliewafikia. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Thailand ikawapita, Indonesia ikawapita, na leo Malaysia mavuno yake kwa mwaka hayafiki tani laki 4. Robo ya ilivyokuwa. Viwanda vyao vya glavu, vile vilivyotuuzia wakati wa korona kwa bei ya kuua, vyaagiza utomvu Thailand na mpira kutoka mpaka Afrika, Ivory Coast, ambayo ndio sasa mkubwa wa mpira bara letu na imepita tani milioni 1. Nchi ya mpira yanunua mpira.

Hawakupigwa na ugonjwa wala vita. Kugema ni kazi ya alfajiri, utomvu hutiririka vizuri kukiwa baridi, mtu aamka saa tisa usiku na taa kichwani aende mti baada ya mti, mamia, na mvua ikinyesha siku hio hana pesa. Vijana wa Malaysia walipopata viwanda vya elektroniki na kazi za mjini wakasema hapana ahsante. Mpira mwingi kule uko kwa wakulima wadogo, si makampuni, na wakulima wenyewe wamezeeka. Halafu mawese. Mchikichi hautaki mtu kila alfajiri, wavuna kila wiki mbili hivi, mvua si kitu, na pato lake kwa ekari lilikuwa zuri zaidi, kwa hivyo makampuni makubwa yakakata mpira yakapanda michikichi shamba kwa shamba tangu miaka ya 60 na 70 huko, na serikali yenyewe ikasukuma. Na bei ya mpira yenyewe ni ya kukupa kisunzi, mwanzo wa 2011 ilipita dola 5 kwa kilo, miaka minne baadaye ilikuwa chini ya dola 2. Mkulima alieambiwa apande mpira 2011 kwa sababu bei ni nzuri, akingoja ile miaka sita, alivuna akapata hewa. Si ndio yale yale ya 1910?

Kwa hivyo hamri ya mama wa Muheza yakaangwa kwa mafuta ya mti uliopandwa mahali pa mti ulioua mashamba ya kwao Muheza. Nilimuelezea, akaniangalia sana, akasema basi waambie wapunguze bei ya debe.

Hii meza ya nje inakaliwa na watu wa tuktuk na boda, na mazungumzo yao mengi ni tairi. Siku hio jamaa mmoja alikuwa analalamika tairi ya nyuma ya tuktuk imemkatikia ndani ya muda mfupi tu na aliemuuzia alimuapia ni orijino, duka silitaji, na wenzake wakawa wambishia kuwa zote siku hizi ni sawa tu. Mzee mmoja wa lori akasema zamani tairi za Yana za Nairobi zilikuwa zakaa. Hapo nikachangamka kwa sababu ndio kazi yangu ya zamani. Kenya haina shamba la Hevea, mpira ghafi wa viwanda ulikuwa waingia hapa Kilindini kutoka Asia, na nimeuona kwa namna mbili, kuna karatasi zile za kahawia zilizokaushwa kwa moshi, zafungwa mzigo mmoja wa kilo 111 na ukifungua kontena harufu ya moshi haikutoki nguoni wiki nzima, na kuna matofali ya kilo 33 na kitu yaliofungwa kwa nailoni ambayo harufu yake sitaki kuielezea hapa penye chakula. Kile kiwanda cha tairi cha Nairobi kilifungwa 2016, tairi za China na India zikiingia kwa bei ambayo hakiwezi kushindana nayo. Sasa badala ya mpira kontena zaleta tairi zenyewe.

Na Tanzania vile vile, kiwanda cha tairi cha General Tyre cha Arusha kilikuwa na jina, serikali ikapanda Hevea kabisa Kihuhwi huko huko Muheza na Kalunga kule Kilombero ili kiwanda kipate mpira wa nyumbani, kiwanda kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000 na miti ikabaki bila mwenzake. Muheza mpira umeifia mara tatu ukihesabu vizuri. Mzee wa lori akaniuliza kwani kuna haja gani ya mpira wa mti na tairi si za mafuta ya petroli siku hizi. Zipo za petroli ndio, za gari dogo huchanganywa, lakini tairi ya lori kubwa na ya ndege yataka mpira wa mti kwa wingi kwa sababu ule wa kiwandani wapata moto mapema na hauvumilii. Kwa hivyo mpira haujafa duniani, waliokufa ni waliopanda wakati usio wao.

Kitu cha mwisho cha kuagiza ni muhogo wa nazi, upo Jumamosi na Jumapili tu. Mlaini, hauna nyuzi, na mama aliniambia ni aina ya Kaleso. Wakulima wa Kilifi na Kwale waujua, ni ule usioozwa ovyo na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Basi na huo una damu ya mpira. Kituo cha Amani kule Usambara, alichokianzisha Mjarumani 1902 na Mwingereza akakirithi, watafiti wake Storey na Nichols waliuzalisha muhogo na mpira wa Ceara miaka ya 30, kwa sababu mpira ulikuwa wayastahimili zaidi yale maradhi ya virusi, kisha wakaurudisha kwa muhogo tena na tena mpaka mizizi ikawa ya kuliwa. Kaleso yatoka kwa ukoo huo. Huyu mama hana habari kuwa anauza mti mmoja kwa sahani mbili na mie sikumwambia, nimeshamchosha na mafuta.

Huduma: kijana wa juisi ni mzembe kidogo ila ana adabu, maji ya kunawa yapo ya moto na sabuni, meza zafutwa, nzi wapo kama kila mahali karibu na feri, mabenchi hayana mgongo na moja lina msumari upande wa ukutani, angalieni nguo. Choo hakuna, nenda msikitini. Nampa nne kwa tano, moja nimeikata kwa mafuta na chumvi, akibadilisha karai saa mbili badala ya saa nne nitarudi kuirudisha.

Ijumaa hapakui mpaka watu watoke msikitini. Siku nyengine saa sita iko tayari na saa nane kisamvu kishakwisha, yabaki maharagwe ambayo ni ya kawaida tu sina la kusema. Ukitaka ya kubeba njoo na bakuli lako lenye kifuniko kinachofunga kweli, yeye hana vyombo vya kufungia na tui likimwagika ndani ya feri utachukiwa na watu mia tano.